Mdogo Wangu Ataka Kuacha Chaki Ashike Adungu

Mwishoni mwa muhula wa pili mama yetu alinipigia simu usiku, jambo ambalo si desturi yake, akaniambia maneno machache tu: "Njoo uzungumze na mdogo wako kabla hajaipeleka barua." Sikuwa na haja ya kuuliza ni barua ya nini. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi niliyoisomea mimi mwenyewe chuoni kabla ya kuhamishiwa ofisini, na kwa miaka mingi amekuwa akipiga adungu kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Kwa msomaji asiyeijua ala hiyo, adungu ni kinubi chenye shingo iliyopinda na tumbo la mti lililowambwa ngozi, ambacho asili yake ni kwa ndugu zetu Waalur wa magharibi ya mto Nile. Siku hizi hupigwa hata makanisani.

Basi siku ya Ijumaa nikapanda basi la Arua. Nilimkuta shemeji yangu barazani akichambua maharagwe, mtoto yuko mgongoni, na uso wake hauonyeshi ugomvi wala furaha. Alinikaribisha kwa heshima zote, lakini aliponiletea maji ya kunawa alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi sikatai muziki. Ninachoogopa ni tarehe 28." Kila mtumishi wa serikali anaelewa maana ya tarehe 28. Ndiyo siku ambayo mshahara hutarajiwa, na ndiyo siku ambayo mwenye duka, mwenye nyumba na karani wa karo za shule hukumbuka majina yetu.

Baada ya chakula mdogo wangu alitoa simu yake akanionyesha. Alikuwa amerekodi wimbo mmoja pale pale nyumbani, akauweka katika intaneti, na wimbo huo ulikuwa umesikilizwa mara 11,000 na ushei. "Kaka," akasema, "hata kiwanja cha mpira cha hapa mjini sijakiona kikijaa watu namna hii."

Nikamwuliza, "Watu hao ni akina nani?"

Akanyamaza.

"Na kama Jumamosi ijayo unapiga adungu mahali fulani, nawe unataka waje, utawaambiaje?"

Hakuwa na jibu. Kusema kweli nami sikuwa nalo, kwa maana nilikuwa nimekwenda kule kumkataza tu, wala si kumfundisha. Lakini usiku ule, tulipoketi na karatasi na kalamu tukihesabu, niliona kwamba swali langu la pili ndilo lililokuwa shina la jambo lote. Kupitiwa na watu wengi si sawa na kuwa na wasikilizaji. Msikilizaji ni mtu unayeweza kumpata tena kesho, naye yuko tayari kutoa chochote, hata kiwe kidogo, ili nyimbo ziendelee kutungwa. Mwanamuziki asiye na kampuni ya kumtangaza hana budi kuwatafuta watu wa namna hiyo yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Na iwapo ana mke na mtoto, hana budi pia kujua ni nani atakayelipa kodi ya nyumba wakati anapowatafuta. Ndiyo sababu nimeliandika jambo hili katika ukurasa huu wa nyumbani, wala sikulipeleka katika ukurasa wa burudani.

Niliwasimulia wote wawili kisa cha Mmarekani mmoja aitwaye Jonathan Coulton, ambacho nilikuwa nimekisoma zamani kidogo. Nakirudia hapa kwa kirefu, kwa sababu katika habari zote za wanamuziki wa intaneti hicho ndicho kinachofanana zaidi na hali ya mtu aliyeajiriwa.

Coulton aliishi Brooklyn, mjini New York. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale, na huko alikuwa mwimbaji katika kikundi cha wanafunzi, lakini maisha yalimpeleka penye mshahara, akawa mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni. Alikaa katika kazi hiyo miaka mingi. Mwezi wa Septemba 2005, akiwa na umri wa miaka 34, aliiacha. Nyumbani alikuwa na mke na binti mchanga ambaye hajafikisha hata mwaka mmoja. Gazeti la New York Times, lilipoeleza habari zake mwaka 2007, lilisema kwamba mkewe alikubali, ingawa kwa tahadhari. Shemeji yangu alipolisikia hilo aliacha kufua vyombo akasogea karibu.

Sasa tazama alivyofanya. Hakukaa kungojea wimbo mmoja mkubwa utakaompa jina. Alijiwekea sharti kwamba kila juma atatunga wimbo mmoja, ataurekodi mwenyewe nyumbani, na kuuweka katika tovuti yake, kwa muda wa mwaka mzima. Alianza Septemba 2005 na kumaliza Septemba 2006, nyimbo 52. Nyingine zilikuwa nzuri sana, nyingine za kawaida, na mwenyewe alikiri kwamba kuukamua wimbo kila juma haikuwa kila mara kazi rahisi wala ya kupendeza. Lakini msikilizaji alijua kwamba akirudi juma lijalo atakuta kitu kipya. Sisi tuliofundisha tunaijua nguvu ya ratiba. Mtoto hupenda shule ambayo kengele yake inalia kwa wakati.

Jambo la pili alilofanya liliwashangaza wengi. Aliwapa watu idhini ya kuzinakili nyimbo zake, kugawiana, na hata kuzitengenezea picha za sinema, mradi wasifanye biashara nazo. Nyimbo hizo hizo aliziuza katika tovuti yake kwa yeyote aliyetaka kulipa. Mtu angeweza kudhani kwamba hakuna atakayenunua kitu anachoweza kukipata bure, lakini walinunua. Kufikia katikati ya mwaka 2006, watu zaidi ya 3,000 walikuwa wakiitembelea tovuti yake kwa siku, naye alikuwa akipata kati ya dola 3,000 na dola 5,000 kwa mwezi. Kwa New York hizo si fedha za tajiri, ila ni riziki ya mtu wa kawaida mwenye familia.

Je, waliolipa walikuwa nani? Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki, nami nawaomba wasomaji wapatulie. Mwezi wa Aprili 2006 Coulton alitoa wimbo uitwao "Code Monkey", unaohusu mwandishi wa programu za kompyuta ambaye bosi wake hamthamini, kazi yenyewe inamchosha, na moyo wake uko kwa msichana wa mapokezi. Waandishi wa programu walipousikia walijiona wenyewe. Walipelekeana, wakauzungumza katika mahali pao pa mazungumzo, wengine wakautengenezea picha. Coulton aliimba habari za kazi ambayo yeye mwenyewe aliifanya miaka mingi, na watu wa kazi ile wakawa wasikilizaji wake wa kwanza. Hakuna kampuni iliyowachagulia.

Walimwandikia pia. Barua-pepe zilifika hata mia moja kwa siku, naye alijitahidi kuzijibu zote, ingawa kadiri zilivyoongezeka majibu yake yalizidi kuwa mafupi hata akaona haya. Wimbo mmoja ulipohitaji kipande cha gitaa kilichomshinda, aliwaomba wasikilizaji wenye ujuzi wampelekee vipande vyao, kisha wenzao wakachagua. Alipotaka kusafiri kuimba, hakubahatisha miji. Alitumia tovuti iliyowawezesha watu kujiandikisha mji kwa mji kwamba wanamtaka, na palipokuwa na majina ya kutosha ndipo alipokwenda. Mwaka 2007 wenye kutengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Portal walitumia wimbo wake "Still Alive" mwishoni mwa mchezo, na jina lake likaenea zaidi. Mwaka 2011 aliwaambia watangazaji wa redio ya Marekani kwamba katika mwaka uliotangulia alikuwa ameingiza kiasi cha dola 500,000.

Mdogo wangu aliposikia hesabu hiyo ya mwisho macho yalimng'aa, nami nikajuta kuitaja kabla sijasema mengine. Nilimkumbusha mambo matatu. Mosi, Coulton aliimba kwa Kiingereza, kwa watu wenye mishahara mikubwa, waliozoea kununua vitu kwa kadi. Pili, alianza wakati ambapo waliofanya hivyo walikuwa wachache, lakini leo nyimbo zinazoingia intaneti kwa siku moja hazina hesabu. Tatu, hata yeye, pamoja na sifa zote hizo, alitendewa jambo la kuudhi. Mwezi wa Januari 2013 mchezo mkubwa wa televisheni ya Marekani uitwao Glee uliutumia mpangilio wake wa wimbo mmoja wa mtu mwingine bila kumwomba wala kumtaja, na sheria haikumpa njia nzuri ya kudai. Alichofanya ni kuutoa tena wimbo ule ule kwa sauti yake, akaupa jina la kuwakejeli waliouchukua, na fedha za mauzo akazitoa sadaka. Ni jibu la kiungwana, lakini sidhani kwamba kila mmoja wetu ana wasikilizaji wa kutosha kulitoa.

Sasa tukaingia katika hesabu zetu wenyewe. Mwandishi wa Kimarekani Kevin Kelly, katika makala yake ya mwaka 2008 iliyosomwa sana, alisema kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu. Anahitaji watu 1,000 tu walio wake kweli kweli, ambao kila mmoja atatoa dola 100 kwa mwaka, na jumla yake ni dola 100,000. Hesabu hiyo ni nzuri, ila ni ya huko kwao. Tulipoigeuza kwa fedha zetu tulisema, tuseme kila mtu atatoa Sh. 10,000 kwa mwaka. Wakiwa 1,000 ni Sh. 10,000,000 kwa mwaka, yaani kiasi cha Sh. 830,000 kwa mwezi kabla ya kutoa gharama. Mwalimu aliyeacha kazi anaweza kuishi kwa fedha hizo kwa shida. Wakiwa 100 ni Sh. 1,000,000 kwa mwaka mzima, na mwalimu huyo hawezi kuishi. Nikamwambia mdogo wangu aandike majina ya watu anaojua kwa hakika kwamba wangetoa Sh. 10,000. Aliandika 9. Wa kwanza alikuwa mama.

"Lakini Kaka, si zipo kampuni zinazolipa kwa kila anayesikiliza?"

Zipo. Spotify, mathalani, ilifika Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi mwezi wa Februari 2021. Malipo yake hayana kiwango kimoja, ila makadirio ya kawaida ni kwamba hayafiki nusu senti ya Kimarekani kwa kila wimbo unaposikilizwa mara moja. Kwa ukarimu tukaweka nusu senti kamili. Mara 11,000 zinakuwa dola 55. Wimbo uliomchukua mwezi mzima kuutunga, ukafikia watu wa kujaza kiwanja, usingemlipia hata karo ya muhula. Tena tangu mwaka 2024 kampuni hiyo hailipi kitu chochote kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji mara 1,000 katika miezi 12. Upande wa pili wako wanaouza nyimbo moja kwa moja kwa msikilizaji. Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, huchukua asilimia 15 ya bei ya wimbo, na sehemu iliyobaki, baada ya gharama za kupitisha malipo, humwendea mwimbaji. Ukiuza wimbo mmoja kwa dola moja, watu wachache kabisa wanatosha kukupa fedha ambazo kwa njia ile nyingine zingehitaji maelfu ya masikio. Nasema hivi si kwa kuwakataza watu kuweka nyimbo zao Spotify au YouTube. Huko ndiko wapitao njia wanakopita, na asiyeonekana njiani hataulizwa. Ila barabara si mahali pa kulala.

Jambo lililomtia mdogo wangu wasiwasi zaidi ni hili nililomweleza baadaye. Kwa wale wasiokumbuka, MySpace ilikuwa tovuti kubwa ambayo wanamuziki wengi wa dunia walianzia humo, zamani kabla Facebook haijatawala. Mwezi wa Machi 2019 ilijulikana kwamba nyimbo zilizowekwa humo kuanzia mwaka 2003 hadi 2015 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, kazi za wanamuziki wapatao milioni 14. Si nyimbo peke yake zilizokwenda. Kwa wengi, orodha yote ya waliowapenda ilikuwa humo humo, wala hawakuwa nayo mahali pengine.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Hapa kwetu, tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya Sh. 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye Facebook, WhatsApp na mitandao ya namna hiyo. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya intaneti. Mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na Facebook ilifungwa. Sijadili hapa sababu za hatua hizo, kwa kuwa si shabaha ya makala hii. Ninachotaka mwimbaji aone ni kwamba mtu ambaye wasikilizaji wake wote walikuwa upande wa Facebook aliamka siku moja hana njia ya kuwafikia, na mwenzake ambaye alikuwa na namba zao za simu katika daftari aliwapigia kama kawaida.

Neno daftari lilimpendeza shemeji yangu. Yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri katika nyumba ile, na daftari la matumizi ya jikoni yuko nalo tangu walipooana. Tulikubaliana kwamba atafungua daftari jingine: jina, namba ya simu, mahali, wimbo uliompendeza mtu huyo, na kama amewahi kulipa chochote. Nikasisitiza kwamba mtu aombwe ruhusa kabla ya kuandikwa, na asitumiwe habari za ovyo kila siku. Hakuna anayependa simu yenye kulia usiku wa manane kwa matangazo.

Mfano wa nyumbani ulikuwepo pia, nami nilimtajia kwa sababu sikutaka adhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Otim Alpha wa Gulu alikuwa mwimbaji wa arusi za Kiacholi kwa miaka mingi. Ngoma za larakaraka zinahitaji kundi kubwa la wapigaji na wachezaji, na katika miaka ya vita watu wengi hawakuwa na uwezo wa kulikodi. Yeye na mtengenezaji wa muziki aitwaye Leo Palayeng wakaanza kupiga midundo ile kwa kompyuta, kwa mwendo wa kasi, na arusi zikapata ngoma zake kwa gharama ndogo. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilikusanya nyimbo hizo na kuzitoa kwa jina la "Gulu City Anthems", zikauzwa duniani kwa njia ya intaneti, naye akapanda majukwaa ya Ulaya. Msomaji angalie mpangilio wa mambo. Kabla dunia haijamsikia, kulikuwa na watu wa Gulu waliomwita kwa jina aje kuimba katika arusi za binti zao, nao walimlipa.

Ilikuwa karibu saa sita za usiku. Mimi nilikuwa nimechoka, na mdogo wangu, kwa kukata tamaa au kwa mazoea, akachukua adungu yake akapiga polepole. Akaimba wimbo ambao sikupata kuusikia. Ulimhusu mwalimu mwenye watoto wengi chini ya mwembe, anayevunja chaki vipande vitatu ili imfikishe Ijumaa, huku mvua ikija upande wa Kongo, naye hajui awapeleke wapi. Sitauandika hapa, kwa kuwa ni wa kwake. Shemeji yangu alicheka mahali fulani, akanyamaza mahali pengine. Mimi, niliyewahi kuivunja chaki vipande vitatu, nilijifanya nakohoa.

"Huu umeurekodi?" nikamwuliza.

"Huu? Aa, Kaka, huu ni wa nyumbani tu. Nani atausikiliza?"

Wimbo wake uliosikilizwa mara 11,000 ulikuwa wa mapenzi, mzuri wa kutosha, unaofanana na nyingine mia zinazopigwa redioni, na ndiyo sababu watu walipita bila kuacha jina. Wimbo wa mwalimu ulikuwa na wenyewe. Hesabu walimu wa nchi hii, hesabu vikundi vyao vya simu, wale waliosoma chuo pamoja, wale wa tarafa moja, wale wa chama cha kuweka na kukopa. Nilimrudisha kwa Coulton na waandishi wake wa programu, lakini nilipoanza kueleza niliona ameshaelewa, maana aliiweka adungu chini akamtazama mkewe. Nilimwonya jambo moja tu, kwamba asiimbe siri za ofisi ya mwalimu mkuu.

Asubuhi tuliandika mapatano, kwa mkono wa shemeji, na mama akiwa shahidi. Barua ikae kabatini mpaka mwisho wa mwaka. Wimbo mmoja utoke kila baada ya majuma mawili siku za masomo, na kila juma wakati wa likizo. Fedha za intaneti zisizidi Sh. 20,000 kwa mwezi, nazo zitolewe na mwenye daftari. Kila anayeandika ajibiwe siku hiyo hiyo, nusu saa baada ya chakula cha jioni na si zaidi, kwa sababu mtoto naye anamtaka baba yake. Shemeji akaongeza sharti lake mwenyewe, ambalo mimi singelifikiri: watu wanaolipa wakifika 100, ndipo neno la kuacha kazi liruhusiwe kutamkwa tena ndani ya nyumba. Mdogo wangu alijaribu kuomba wawe 50. Mama akamtazama.

Naandika haya majuma kumi baadaye. Nyimbo nne zimetoka, ingawa zilipaswa kuwa tano. Juma moja mtoto aliugua malaria, na baba alilala hospitalini pamoja naye. Wimbo wa chaki umesikilizwa mara 740 tu, na nilipoambiwa hivyo nilihofu kwamba kijana atavunjika moyo. Kumbe alikuwa na habari nyingine. Kati ya watu hao, 46 wamemwandikia, wengi wao walimu, wakimweleza habari za shule zao, na wawili wamemletea maneno ya kutia katika wimbo mwingine. Juma lile ambalo hakutoa kitu, simu yake ilijaa: "Mwalimu, wa juma hili uko wapi?" Alipowaambia habari za mtoto, watu asiowajua kwa sura walimpelekea fedha kwa simu, elfu mbili, elfu tano. Shemeji alitaka zirudishwe. Mama akasema hapana, ila ziandikwe.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Nebbi, mama wa makamo aliyeupata wimbo ule katika kikundi cha simu cha walimu wenzake, alimwita kupiga adungu siku ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la saba. Alilipwa Sh. 150,000, nauli, na jogoo mmoja ambaye alisafiri naye ndani ya teksi akipiga kelele njia nzima. Alirudi na majina 31, yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ya ratiba ya sherehe, na usiku ule ule yakahamishiwa daftarini.

Jumapili iliyopita nilimpigia shemeji simu kumwuliza hesabu imefika wapi. Nilimsikia akifungua kabati, akigeuza kurasa, akihesabu kwa sauti ndogo.

"Walioandikwa ni 88," akasema. "Waliolipa ni 23, ukimtoa mama."

"Na barua?"

"Ipo, shemeji. Nimeiweka chini ya stakabadhi za kodi ya nyumba. Akiitaka atazipitia zote kwanza."